Kivuli Kwanza: Kupiga Picha kwa Nuru ya Jua la Ikweta

Mafunzo mengi ya picha yanayotufikia yameandikwa na watu wa kaskazini, na ushauri wao wa kwanza huwa ni uleule: ngoja jua liinamie magharibi. Kwao ushauri huo una nafasi. London mwezi Juni jua huteremka kwa mshazari, likaambaa na upeo wa macho, na mpiga picha akapata saa nzima au zaidi ya nuru laini ya manjano. Huku kwetu jua halina mwendo huo. Kuanzia Lamu hadi Mtwara, kuanzia Kampala hadi Bujumbura, linazama karibu wima. Dunia hujizungusha nyuzi 15 kila saa, na karibu na Ikweta takriban nyuzi zote hizo ni za jua kupanda au kushuka. Likibakiza nyuzi sita kufika upeo wa macho, una dakika 25 hivi. Likishazama, dakika ishirini na kitu baadaye giza limekwishaingia.

Kwa hiyo anayepiga picha katika nchi hizi ana mambo mawili ya kujifunza. La kwanza ni kuzitumia dakika zile chache bila papara. La pili, ambalo mimi naliona kubwa zaidi, ni kuyamudu masaa mengine yote ambayo jua liko juu na mwanga ni mkali. Harusi haingoji magharibi. Siku ya Idi watoto huvaa nguo mpya asubuhi, na kufikia alasiri zimekwishaingia madoa ya mbirimbi na aiskrimu. Bibi aliyekuja kutoka shamba anarudi na basi la saa nane. Mpiga picha anayekijua kivuli atawapiga wote hao picha nzuri saa saba mchana, hata kwa simu ya kawaida.

Jua la utosini

Ubaya wa mwanga wa mchana kwa sura ya mtu hautokani na wingi wake. Unatokana na mahali unapotokea. Ukitoka juu ya kichwa, paji la uso hung'aa, matundu ya macho huwa meusi, kivuli cha pua huangukia mdomo, na mtu mwenyewe hukunja uso kwa kero. Macho yakipotea, picha ya sura imepotea pamoja nayo.

Dar es Salaam na Unguja jua hupita utosini kabisa mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba. Mombasa ni karibu na tarehe 10 Machi na siku za mwanzo za Oktoba. Nairobi ni katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Siku hizo adhuhuri mtu hukikanyaga kivuli chake mwenyewe. Miezi mingine jua la mchana huegemea upande mmoja, na jambo hili ni la manufaa makubwa kwa mpiga picha ingawa vitabu vya wageni havina sababu ya kulitaja. Mwezi Juni jua la adhuhuri la Dar es Salaam huwa upande wa kaskazini, kama nyuzi 30 kutoka utosini. Mwezi Desemba huwa upande wa kusini, kama nyuzi 17. Kwa watu wa pwani kaskazini ni rahisi kuijua, kwa kuwa ndiko kibla kilikoelekea. Basi katikati ya mwaka, baraza inayotazama kusini hukaa kivulini kutwa, na mwisho wa mwaka ni ile inayotazama kibla. Ukipanga kupiga picha nyumbani kwa watu, uliza nyumba imeelekea wapi kabla hujauliza jambo lingine lolote.

Kivuli kinachofaa

Si kila kivuli ni kivuli cha picha. Ndani kabisa ya chumba mwanga ni mchache na hauna mwelekeo. Chini ya mti wenye majani machache mtu hujaa mabaka ya jua usoni, na mabaka hayo hakuna programu itakayoyaondoa vizuri. Kivuli unachokitafuta kina paa au ukuta unaolizuia jua lenyewe, lakini mbele yake kuna uwazi: anga, uwanja, barabara, mchanga. Uwazi huo ndio taa yako. Kadiri unavyokuwa mpana ndivyo nuru inavyokuwa laini.

Baraza ya nyumba ya Kiswahili inafaa mno kwa kazi hii. Ina paa juu, ukuta nyuma, na barabara iliyojaa mwanga mbele. Mkalishe mtu karibu na ukingo wa kivuli, hatua moja au mbili ndani ya mstari wa jua, uso wake ukielekea nje. Tazama macho yake: utaona ndani ya mboni doa dogo la mwanga wa barabarani. Doa hilo ndilo linaloyapa macho uhai, na likikosekana sura hufifia hata kama kila kitu kingine kiko sawa. Mrudishe nyuma hatua tatu utaona doa linazimika. Msogeze mbele tena. Zoezi hili la dakika moja linafundisha kuliko kurasa nyingi.

Kabla ya kumsimamisha mtu mahali, jipime mwenyewe. Nyoosha mkono, fumba ngumi, kisha zunguka polepole huku ukitazama jinsi mwanga unavyoangukia vifundo vya vidole. Kuna upande ambao ngumi itaonekana bapa, na upande ambao kila kifundo kitajitokeza kwa upole, chenye nuru huku na utusitusi kule. Upande huo ndio wa kumwelekeza mtu wako.

Vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar na vya Lamu vina tabia yao. Nyumba ni ndefu, njia ni nyembamba, na mwanga unaingia kutoka ufa wa anga ulio juu. Yaani ni kivuli, lakini bado nuru inashuka kutoka utosini, na macho hubaki na weusi. Usipige katikati ya kichochoro. Tembea mpaka mahali kinapofungukia uwanja mdogo, au tafuta ukuta uliopakwa chokaa unaopigwa na jua upande wa pili. Ukuta ule mweupe hugeuka kuwa taa kubwa iliyosimama. Mgeuze mtu auelekee, wewe simama kati yake na ukuta kidogo pembeni, na utapata nuru ambayo studio nyingi hutumia fedha nyingi kuitengeneza. Lamu ina neema nyingine: ufuo wa mji unatazama mashariki, kuelekea Manda. Jua likishapita nyuma ya mapaa, ufuo mzima huwa kivulini na mbele yake kuna bahari na anga pana. Kuanzia alasiri unaweza kumpiga picha mtu yeyote pale.

Mwembe una kivuli kizito kizuri, lakini majani huchuja mwanga ukawa wa kijani, na kijani kwenye ngozi humfanya mtu aonekane mgonjwa. Mtoe mtu chini ya shina umlete kwenye pindo la kivuli. Udongo mwekundu wa Voi, kinyume chake, hurudisha juu joto zuri linalopendeza sana usoni, na mchanga mweupe wa Paje, Unguja, hufanya kazi ya kiakisi, yaani kitu cha kurudisha mwanga usoni, bila ya mtu kukishika.

Mahali ambapo ardhi haikusaidii, leta kiakisi chako. Si lazima ununue. Kanga nyeupe, shuka, kipande cha boksi kilichofunikwa karatasi nyeupe, hata kanzu ya mwenzako aliyesimama karibu, vyote vinatosha. Kishike chini ya kifua cha anayepigwa, kiinamishe taratibu, na weusi wa chini ya macho utapungua mbele yako. Bati ni kali mno, humwagia mtu mwanga wa kumuumiza macho, liache.

Na zungumza na watu wako. Mama akiambiwa "tabasamu" hukaza mdomo. Mwambie, "Shikamoo mama, hebu geuza kidevu kidogo huku mlangoni kwenye mwanga," kisha muulize habari za wajukuu. Ikibidi apigwe pale kwenye mwanga mkali, mwambie afumbe macho, umhesabie mpaka tatu, afumbue, nawe upige papo hapo kabla uso haujakunjika.

Ngozi yetu na kipimo cha kamera

Hapa ndipo ninapotaka ukae zaidi, kwa sababu ndipo picha za watu wetu zilipoharibiwa kwa miaka mingi, na si kwa makosa yao.

Filamu za rangi zilisawazishwa kwa ngozi ya watu weupe. Kodak ilizipa maabara kadi za kulinganishia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, zikajulikana kwa jina la Shirley. Ngozi ya Shirley ikitoka sawa, mashine imewekwa sawa. Mtu mweusi akitoka kama kivuli chenye meno, hilo halikuhesabiwa kuwa hitilafu. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, amesimulia kwamba miongoni mwa waliosukuma filamu ziboreshwe kwa rangi za kahawia ni watengenezaji wa samani na wa chokoleti, waliotaka bidhaa zao zionekane vizuri kwenye matangazo. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja kuenea miaka ya 1990. Kamera za sasa ni bora mno kuliko filamu zile, na mwaka 2021 Google ilitoa simu ya Pixel 6 ikitangaza kuwa imetengenezwa kuonyesha rangi zote za ngozi kwa haki. Hata hivyo kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera bado kina ujinga wake wa asili, na ni juu yako kukiongoza.

Kamera haijui inatazama nini. Inapima mwanga unaorudi na kujaribu kuifanya picha iwe na wastani wa kijivu. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta wa chokaa amevaa kanzu, kamera inaona weupe mwingi, inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na uso unazama gizani. Hapo ongeza kipimo kwa hatua moja ya mwanga (stop), pengine moja na nusu. Kinyume chake, mtu mwenye ngozi nyeusi sana aliyevaa buibui mbele ya mlango wa mbao nzito, uso ukijaza picha, huifanya kamera idhani kuna giza. Itaongeza mwanga mpaka ngozi igeuke majivu na paji la uso liungue. Hapo punguza, nusu hatua hadi moja. Wengi wamekariri kwamba ngozi nyeusi huongezewa mwanga sikuzote, na ndio maana picha zao zina watu waliopauka.

Dawa ya uhakika ni kupima usoni. Kamera nyingi zina kipimo cha nukta: kielekeze shavuni, upande wenye nuru, si upande wa kivuli. Mtu wa rangi ya maji ya kunde, kiache kipimo karibu na kilivyo. Mtu mweusi tititi, punguza kidogo ili weusi wake ubaki weusi. Halafu kagua paji la uso na ncha ya pua kwenye kioo cha kamera. Vikitoa onyo la kupepesa, mwanga umezidi.

Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao. Nuru pana itokayo upande mmoja huteleza juu ya shavu, ikashuka kwenye taya, na sura ikachongeka yenyewe. Jua la moja kwa moja hufanya mng'ao huohuo uwe vidoa vyeupe vidogo vya jasho na mafuta. Ndiyo sababu kivuli ni cha lazima zaidi kwetu kuliko kwa watu wa kaskazini. Jasho lidonoe kwa karatasi laini, usilifute kwa kusugua. Kwenye mikono na mabega, mafuta kidogo katika nuru laini hupendeza sana.

Chagua nyuma ya mtu kwa makini. Ukuta mweupe hufanya uso uonekane mweusi kuliko ulivyo. Giza tupu huumeza. Rangi za kati hufaa: ukuta wa mawe ya matumbawe uliokwishazeeka, mlango wa bluu, migomba, mkeka, kanga yenye maua. Seydou Keïta wa Bamako, aliyefungua studio yake mwaka 1948, alilijua hili kikamilifu. Alipiga picha nyingi uani, kwa mwanga wa mchana tu, akitundika nyuma shuka ya kitanda chake mwenyewe na vitambaa vyenye nakshi. Filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo mara nyingi kila mteja alipata picha moja. Zitafute picha zake uzichunguze: ngozi ina kina, na vitambaa vina uhai.

Harusini utakutana na mtihani wa kanzu na buibui katika picha moja. Usiwasimamishe sambamba mbele ya uwazi. Aliyevaa nguo nyeusi mweke karibu zaidi na mwanga, aliyevaa nyeupe mrudishe nusu hatua ndani ya kivuli, wakigusana mabega. Tofauti itapungua kiasi cha kamera kuimudu, na hakuna mgeni atakayegundua kwamba umewapanga.

Na jambo moja la moyoni. Simu nyingi huja na kichujio cha urembo kilichokwishawashwa, kinacholainisha na kung'arisha ngozi bila kukuuliza. Kizime. Mtu akirudishiwa picha yake akiwa mweupe kuliko alivyo ameambiwa jambo baya juu ya sura yake, hata kama hakuna aliyetamka neno. Kazi yako ni kumwonyesha jinsi rangi yake ilivyo nzuri ikipata nuru inayoistahili.

Namba za kuanzia, na simu

Kama kamera yako inakuruhusu kupanga mwenyewe, kuna kanuni ya zamani ya wapiga filamu ambayo haijachakaa. Jua likiwa wazi, weka tundu la lenzi f/16 na kasi ya shata ilingane na ISO: ISO 100, kasi 1/125 au karibu yake. Mawingu yakilifunika jua, fungua hatua mbili, f/8. Kivuli chenye uwazi mbele, hatua tatu, f/5.6. Ukitaka nyuma ya mtu kufifie, fungua mpaka f/2.8 na upandishe kasi mpaka 1/500. Mwanga ni uleule. Watoto wanaokimbia wanahitaji kasi ya 1/500 au zaidi. Lenzi ya milimita 50 au 85 ni rafiki wa sura.

Kivulini mwanga hutoka kwenye anga la bluu, kwa hiyo picha huelekea ubaridi. Weka mizani ya rangi kwenye alama ya kivuli, au piga faili ghafi urekebishe baadaye.

Mwenye simu afanye mambo machache tu. Futa lenzi kwa kitambaa safi, kwa kuwa mafuta ya vidole ndiyo chanzo cha picha nyingi zenye ukungu. Usimsogelee mtu, lenzi pana ya simu hukuza pua na kufanya masikio yaonekane madogo. Rudi nyuma, tumia lenzi ya mara mbili. Gusa uso kwenye kioo, kisha buruta ile alama ya jua juu au chini mpaka ngozi iwe kama unavyoiona kwa macho. Ukigusa na kushikilia, kipimo hufungwa, na unaweza kupiga nyingi bila mwanga kubadilika.

Dakika za dhahabu

Ukiamua kutumia machweo, fika mapema. Saa kumi na moja uwe umekwishachagua mahali, nguo zimenyooshwa, na watu wamezoea kamera. Anza kivulini, piga picha za uhakika. Jua likishuka, mtoe mtu nje na umweke jua nyuma ya bega lake: nywele, kofia au mtandio utapata ukingo wa moto, na uso utaangazwa na anga la mbele. Kinga lenzi kwa kiganja mwanga usiingie moja kwa moja. Kisha, dakika zile kumi za mwisho, mgeuze alitazame jua, maana sasa halimuumizi tena. Jua likishazama usifunge mkoba. Anga zima bado ni taa, laini kuliko zote, na kwa ISO kubwa kidogo sura hutoka na utulivu usiopatikana saa nyingine.

Pwani, saa peke yake haitoshi. Lazima ujue na maji. Paje inatazama mashariki, kwa hiyo nuru ya baharini ni ya macheo, na jioni jua huzamia nyuma ya minazi. Kendwa na Forodhani zinatazama magharibi. Siku za bamvua, maji yetu hukupwa sana kwenye saa nne hivi asubuhi, na ndipo kina mama wa mwani wanapokuwa kazini, mbali kule mchangani, chini ya jua kali. Ukitaka kuwapiga picha, kwanza uwasalimie na uwaombe. Kisha tumia mwanga wa mchanga mweupe na maji unaopanda kutoka chini, ambao hulainisha vivuli vya kofia zao. Jioni za bamvua maji huwa yanarudi nyuma baada ya kujaa alasiri, yakiacha mchanga uliolowa unaoakisi anga. Wakati wa maji mafu mabadiliko ni madogo na mchanga huo hauwi mpana. Waulize wavuvi, wana ratiba yote kichwani.

Porini na msituni

Nyikani mchana una adui wa pili, nao ni joto. Ardhi ikishapata moto, kuanzia saa nne hivi, hewa hutetemeka, na lenzi ndefu huyakuza matetemo hayo pamoja na mnyama. Picha ya twiga wa mbali itakosa makali hata ukiwa na kifaa cha mamilioni. Sogea karibu au ngoja jioni. Miezi ya kiangazi, Julai hadi Oktoba, huongeza vumbi hewani: baya kwa mandhari ya mbali, zuri sana kwa kundi la tembo au nyumbu likiwa na jua nyuma. Baada ya mvua hewa husafishika na milima huonekana.

Kilimanjaro, mita 5,895, hufunguka alfajiri na mara nyingi hujifunika mawingu asubuhi haijaisha. Ukiwa Amboseli, mlima uko kusini kwako na jua la asubuhi linatokea kushoto, kwa hiyo theluji ya Kibo na migongo ya tembo hupata nuru ya ubavuni kwa pamoja. Uwe mahali pako mapema iwezekanavyo baada ya geti kufunguliwa. Mibuyu ya Tarangire nayo hutaka nuru ya ubavuni, maana bila hiyo magome yake hayaonyeshi mikunjo, na hupendeza zaidi kiangazi ikiwa imepukutisha majani.

Msituni kanuni zinageuka. Amani, katika Usambara Mashariki, siku ya jua kali ni siku mbaya: sakafu yote ni mabaka meupe na meusi. Ombea wingu au ukungu, na nenda mara tu mvua inapokatika. Kama una kichujio cha kupunguza mng'ao, kizungushe mpaka weupe utoke kwenye majani na kijani kirudi. Mbega, mwenye manyoya meusi na mashungi meupe, haiwezekani kumtendea haki juani. Chini ya wingu anatoka mzima, mashungi na macho. Kima punju wa Jozani wamezoea watu na hukaa chini karibu, nawe utatamani kuwasogelea. Usifanye hivyo. Kaa umbali uliopangiwa na mwongozaji, chuchumaa macho yako yalingane na yao, na uwape muda wa kutazama upande wenye nuru.

Idhini, na karatasi

Omba kabla ya kuinua kamera. Ukikataliwa, shukuru uende. Vivuko, bandari, vituo vya polisi na kambi za jeshi achana navyo kabisa. Watoto wapigwe kwa ruhusa ya wazazi, na ruhusa ya kupiga si ruhusa ya kusambaza. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya alitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni nne kwa kutangaza picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi wao.

Kisha mpe mtu picha yake, na si kwa simu peke yake. Chapisha. Kioo cha simu hutoa mwanga, karatasi huakisi tu, kwa hiyo ngozi iliyoonekana na kina kwenye simu itatoka nyeusi zaidi ikichapishwa. Inua kidogo zile sehemu za giza, ziache sehemu za mng'ao kama zilivyo, na omba karatasi isiyong'aa kwa sababu haishiki alama za vidole. Toa nakala moja ndogo kwanza, itazame karibu na dirisha, rekebisha, ndipo uagize zile kubwa za ukutani.